Chewa wa Watani

Ulamila alikitaka kile kizibao kuliko alivyowahi kumtaka mwanamume yeyote. Mumewe, marehemu Josaia, aliletwa na wazee, naye akamkubali kwa sababu alikuja na boti. Lakini kizibao alikichagua mwenyewe, kwa macho yake mawili, asubuhi ile Bwana Raghwan wa idara ya uvuvi aliposhuka ufukweni Vatusoki amekivaa. Kilikuwa cha rangi ya udongo, mifuko sita, na mgongoni maandishi makubwa ya kumtangaza askari wa samaki. Mshahara hakuna. Posho hakuna. Kuna kizibao, kitambulisho chenye picha, na haki ya kusimamisha boti ya mtu yeyote, hata ya mchungaji, na kumwambia afunue deli lake la barafu. Ulamila, mwanamke wa miaka thelathini na minane mwenye mdomo wa watu watatu, aliona hayo ni malipo tosha.

Kijiji kilicheka mpaka mbwa wakahama.

"Paka kulinda samaki!" alisema Savenaca, mwenyekiti wa kijiji, ambaye tumbo lake huwahi mkutanoni kabla yake. "Bwana Raghwan, huyu unayemwandika jina ndiye aliyemaliza chewa wa mlango wetu wa mwamba. Muulize mtu yeyote."

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Ulamila alikiri palepale, mikono kiunoni. Miaka saba nyuma, kabla kijiji hakijasikia habari ya miezi ya kufungwa uvuvi, yeye na Josaia walitandaza wavu kwenye mlango wa mwamba, pale boti zinapopenya, mwezi wa Agosti, wakati chewa wanapokusanyika kutaga. Chewa akiwa kwenye shughuli hiyo akili hana. Anaganda mahali pamoja kama bwana harusi mbele ya mpiga picha. Walijaza boti mbili. Kwaya iliimba, mchungaji akapewa mnono kuliko wote, na Josaia akabebwa juujuu. Agosti iliyofuata walikwenda na wavu uleule, wakapata kiatu. Iliyofuata tena, chewa tisa wembamba. Watu wakasema bahari imenuna, wakazilaumu meli kubwa, wakalaumu dhambi za vijana. Ulamila hakuna aliyemlaumu. Ndiyo maana alijilaumu mwenyewe, na kazi hiyo mtu akishaianza haina likizo.

"Mwizi anajua njia za wezi," alisema Bwana Raghwan, akaandika jina lake.

Alikuwa Mhindi wa mji wa Labasa, mtu mkavu, hanywi yaqona, kinywaji cha mizizi cha barazani, wala hacheki, na chai yake alikuja nayo kwenye chupa. Aliwaketisha wanafunzi kumi na wawili kwenye mikeka ya ukumbi wa kijiji, Jumatatu mpaka Ijumaa, akawafundisha kupima samaki kwa rula kutoka mdomoni mpaka mkiani, kujaza fomu ya njano juu ya karatasi ya kaboni, na kusema "naomba ukae utulivu" kwa mtu aliyeshika panga. Masharti yake yalikuwa mafupi. Ufaulu mtihani wa kuandika. Uogelee kutoka ufukweni mpaka kwenye boya la mwamba na kurudi. Ulete fomu moja ya ukaguzi wa kweli iliyojazwa mpaka saini. Na kwa mwaka mzima uliopita usiwe umeandikwa kosa lolote la uvuvi.

"Lolote," alisema, akiinua kidole. "Hata la kaa mmoja. Ukiandikwa leo, kitambulisho ukione mwakani."

Mtihani Ulamila aliufaulu kuwapita wote, akawatangazia wote. Kuogelea ndiko kulikomlea. Ikabaki fomu. Wenzake walishamaliza kwa ujanja ujanja: mmoja alimkagua mjomba wake akiwa usingizini, mwingine akakagua ndoo ya mama yake akakuta maji, akaandika "maji", akatiliwa saini. Ulamila alisema yeye hakagui maji. Anataka boti, anataka deli, anataka mtu mwenye hatia na jasho usoni.

Mungu akamsikia, akampelekea Wanamolau.

Namolau ni kisiwa cha jirani, mwendo wa saa mbili kwa injini, na watu wake ni watani wa Vatusoki tangu enzi ambazo mizimu ya pande mbili, ndugu wa tumbo moja, iligombana juu ya pweza mmoja wa kuchemsha ikatengana kwa hasira. Mtani anakutukania babu yako, nawe unacheka. Anaingia kwako, anachukua mkeka uliolalia, nguruwe uliyemfugia harusi, shati lililo mgongoni, nawe unapiga makofi na kumshukuru kwa kukukumbuka. Kumnyima mtani kunaleta majipu, na Savenaca atakuonyesha mahali lilipomtokea lake, utake usitake.

Jumatano ile walikuja kwa sababu ilikuwa siku ya mia tangu chifu mzee wa Vatusoki azikwe, siku ya kuanua matanga. Bila watani msiba hauishi. Wao ndio huingia wakicheka wakati wenyeji wamenuna, wakauliza kama marehemu amelipa nauli ya kwenda ahera, mpaka wajane wenyewe waanze kushika mbavu. Boti yao iliingia kupitia mlango wa mwamba ikiimba, watu tisa, rundo la mikeka ya zawadi mbele, na katikati deli la barafu kubwa kama jeneza la mtu mfupi.

Ulamila alikuwa wa kwanza kuwafikia, maji yanamfika mapajani, rula mkononi na faili kichwani.

"Naomba mkae utulivu," alisema. "Huu ni ukaguzi."

Boti nzima ilimtazama, halafu ikaangua kicheko. Mkubwa wao, Peniasi, jitu la mabega mapana lenye meno mawili ya mbele pungufu, alivua kofia.

"Jamani, na huyu naye! Wanavatusoki wamekosa mwanamume wa kutupokea, wametutumia mjane na rula. Unapima nini, mtani? Maana kuna vitu vingine rula hiyo haitoshi."

"Kupima yako hata njiti ya kiberiti inatosha," alisema Ulamila. "Funua deli."

Peniasi akafunua kwa madaha, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Juu ya barafu walilala chewa, wekundu na wa madoadoa, matumbo yamevimba mayai.

Ulamila aliinama juu ya deli. Miaka saba hakuwa amewaona wengi namna hiyo mahali pamoja. Kumbe walikuwa wanarudi. Walikuwa wanarudi kidogo kidogo, bila kumwambia mtu, na hawa majuha wamewakuta mlangoni.

"Mmewavua wapi hawa?"

"Mlangoni kwenu, wapi tena? Sisi wezi wa kuaminika, hatuibi kwa watu baki."

"Mwezi huu umefungwa, Peniasi. Nchi nzima. Hata kwenu."

"Umefungwa kwa wenye njaa ndogo. Haya, andika basi, si umekuja na karatasi?"

Akaandika. Tarehe, boti, injini, samaki. Jina la mvuvi?

"Yona," alisema Peniasi. "Yona wa Tumboni mwa Nyangumi."

"Na mimi Petro," alisema wa nyuma yake. "Nilimkana mtu mara tatu asubuhi hii."

"Mimi niandike Mke wa Lutu, ila chumvi yangu bado haijakauka!" alidakia wa tatu.

Ufukwe wote ulikuwa umejaa watu sasa, na wote walikuwa wanacheka, Wanavatusoki wakiwazidi wageni. Savenaca akaingia majini mpaka magotini, akamshika Ulamila kiwiko.

"Ulamila, acha. Hawa ni watani. Mtani hakatazwi kitu."

"Chewa si nguruwe wangu, Savenaca. Sheria..."

"Sheria imetoka serikalini Suva juzi. Utani umetoka kwa mizimu. Unataka jipu? Nikuonyeshe?"

"Usinionyeshe!"

Alisimama pale, fomu imelowa pembeni, akahisi kizibao kinamvuka mwilini kabla hajakivaa. Hasira ilimpanda. Akiwaacha, basi ndiyo hivyo, kila mwaka watakuja wakiimba. Akiwakatalia, kijiji kizima kitamtenga na siku ya mia itaharibika juu ya kaburi la mzee wa watu. Ndipo shangazi wa marehemu Josaia, Akeneta, bibi wa miaka sabini na mitano mwenye matusi ya mabaharia, akapiga kelele kutoka ufukweni.

"We mjinga! Kwani utani una ncha moja?"

Ulamila akageuka. Akamtazama Akeneta. Akaitazama boti. Uso wake ukafunguka.

"Shangazi," alisema, "leta wanawake."

Kilichofuata kinasimuliwa Vatusoki mpaka leo, kila mtu akijiweka mbele. Wanawake ishirini na kitu waliingia majini na sulu, shuka zao, zimefungwa viunoni, wakaivamia boti ile kama kunguru kwenye jalala. Mtani anachukua atakacho! Walichukua makasia. Walichukua kofia, nanga, dumu la petroli na sufuria ya mihogo iliyobaki. Akeneta alimvua Peniasi shati jipya la maua, akalivaa papo hapo, akazunguka mara mbili ili aonekane. Mke wa Lutu alibaki na chupi, na hiyo ilikuwa huruma ya mchungaji. Na Ulamila, akisaidiwa na wanawake wanne, akalitoa deli zima la chewa, akalibeba mpaka nchi kavu.

Wanamolau wangefanya nini? Peniasi, kifua wazi, alikunja viganja, akapiga makofi matatu mazito, akatoa shukrani kama mila inavyodai. "Ahsanteni, watani, kwa kutukumbuka." Wenzake wakapiga pia. Hakuna aliyenuna. Ulamila alipita katikati yao kichwa juu, akalifikisha deli ukumbini, akakaa mkekani, akapima chewa mmoja mmoja mdomo mpaka mkia. Kumi na mmoja. Akaandika kwa herufi nzuri: samaki wamekamatwa. Akauona uso wa Bwana Raghwan utakavyokuwa. Pengine angecheka, kwa mara ya kwanza tangu Labasa.

Bwana Raghwan aliingia na kikombe chake cha chai. Nyuma yake wakaja Savenaca, Peniasi, Akeneta na shati lake, na kila aliyepata pa kusimama. Alimtazama chewa wa kwanza, akamtazama wa mwisho. Akaisoma fomu.

"Kazi safi," alisema. "Vipimo vizuri. Hapa kwenye jina la mwenye samaki umeacha wazi."

"Ni hawa wa Namolau, Mwalimu. Huyu Peniasi ndiye mkubwa wao."

"Hawa samaki wako?" Bwana Raghwan alimuuliza Peniasi.

"Mimi?" Peniasi alishika kifua chake kitupu. "Sina samaki mimi. Sina hata shati. Samaki ni wake huyo."

"Ala!"

"Aliwachukua kwa utani mbele ya watu wote, bwana mkubwa. Mtani akishachukua, kitu ni chake, hata ukikililia hakirudi. Muulize mwenyekiti wake."

Bwana Raghwan akamgeukia Savenaca. Savenaca alikuwa na makosa mengi, lakini kwenye mila hakudanganya.

"Ni kweli," alisema. "Kilichochukuliwa kwa utani kimepata mwenyewe mpya. Nimepiga makofi mimi mwenyewe kushuhudia."

"Tumepiga sote!" alisema Peniasi, na Wanamolau wakalipuka kwa kicheko, wakapigana mabegani, na Wanavatusoki nao, maana ilikuwa tamu, haikanushiki: askari wa samaki mwenyewe ndiye mwenye chewa kumi na mmoja wa Agosti, wamepimwa kwa rula na kuandikwa kwa mkono wake.

Ulamila peke yake hakucheka. Alijua kifungu kile neno kwa neno, alikiandika kwenye mtihani akapewa alama zote: anayekutwa na samaki wa kufungwa ndiye mwenye kosa. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Bwana Raghwan alichuchumaa karibu naye, akaweka kikombe chini. Alisema kwa sauti ndogo, lakini ukumbi wa mikeka hauna siri.

"Dada Ulamila. Kwenye fomu kuna kisanduku cha mwisho. 'Waliokutwa wametelekezwa ufukweni, mwenyewe hajulikani.' Kipo kwa kazi. Ukikiwekea alama, samaki nitawapeleka mimi, faili limefungwa, na Ijumaa unachukua kitambulisho chako. Sikulazimishi. Nakuonyesha tu kisanduku kilipo."

"Weka alama, mama!" Savenaca alinong'ona. "Mbona jambo dogo."

Lilikuwa dogo kweli. Alama moja. Kila mtu ukumbini alitaka aiweke, hata Peniasi, aliyekuwa anamkonyeza. Ulamila aliishika kalamu juu ya kisanduku kile, na kilichomjia si sheria wala Suva. Ilimjia boti ya Josaia imezama mpaka ukingoni kwa uzito wa mayai, na watu wanaimba. Siku ile pia mwenyewe hakujulikana. Samaki walikuwa wa Mungu, walikuwa wa bahati, walikuwa wa kijiji, na walipokwisha hawakuwa wa mtu. Akijaza kisanduku hiki, Agosti zote zijazo chewa watakutwa wametelekezwa ufukweni, na yeye amesimama hapo na mifuko yake sita, anaweka alama.

Aliona uchungu, na hakuuficha. "Mnanikera nyote," alisema. "Mungu anisamehe, mnanikera mpaka kwenye kucha." Halafu kwenye jina la mwenye samaki akaandika, kwa herufi kubwa ili kaboni ishike vizuri: Ulamila Tinairatu, wa Vatusoki. Akapiga saini mara mbili, pa mkaguzi na pa mkosaji.

Kicheko kilikatika vipande vipande, cha nyuma kikachelewa kidogo. Bwana Raghwan aliisoma saini ya kwanza na ya pili.

"Unajua Ijumaa..."

"Najua. Mtihani nilifaulu kuwapita wote."

Ndipo Peniasi akajisogeza mbele, akitoa meno yake pungufu. Hakuwa mtu mbaya. Aliona mzaha umekwenda mbali, akafanya analojua kufanya. Alinyoosha mkono juu ya fomu.

"Basi mtani anachukua! Kosa lako nimelipenda, nalichukua. Lete hapa, sasa ni langu. Pigeni makofi, jamani, mtani kachukua!"

Watu wakapumua. Wazo zuri lililoje! Viganja vilishakunjwa. Ulamila akaibana fomu kifuani.

"Sitoi," alisema.

Hakuna mtu aliyewahi kusikia neno hilo Vatusoki likielekezwa Namolau mbele ya watu. Savenaca alijishika mahali pa jipu.

"Ati nini?" aliuliza Peniasi.

"Chukua nguruwe wangu. Chukua mkeka, chukua sufuria, mchukue na huyu shangazi..."

"Nichukueni!" alisema Akeneta. "Niko tayari tangu asubuhi."

"...lakini hili sitoi. Ukilichukua litakuwa utani, Peniasi. Tutapiga makofi, tutakunywa, tutacheka mpaka kuche, na mwakani utarudi na deli la kumtosha mtu mrefu. Mimi nimewamaliza samaki hawa mara moja. Niliimbiwa. Hakuna aliyeniandika popote. Leo nimeandikwa, na hili ni langu, na wewe kama unataka kosa, katafute la kwako."

Sauti ilimtetemeka pale mwisho, akakasirika kwamba imetetemeka. Peniasi alibaki amenyoosha mkono. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akitafuta mtu wa kucheka naye, na wenzake wote walikuwa wanatazama mikeka. Uso wake mkubwa ulianza kubadilika polepole. Akaurudisha mkono. Akakaa chini kwa kishindo.

"Bwana mkubwa," alisema kwa Raghwan, "unayo fomu nyingine?"

Raghwan akamtolea.

"Andika wewe, mtani. Mimi mwandiko wangu wa kuku." Akamtajia Ulamila jina, safari hii bila nyangumi: Peniasi Ravulo, wa Namolau. Kazi: fundi boti. Samaki?

"Kumi na mmoja," alisema Ulamila, akiandika.

Peniasi alijikuna shingo. Akawatazama wenzake. "Kumi na wanne," alisema. Petro akainuka bila kuambiwa, akatoka, akarudi na mkeka mmoja wa zawadi, akaukunjua mbele ya watu wote, na chewa watatu wakateleza sakafuni. Walikuwa wa chifu mpya, alieleza, na alionekana kuona haya kweli kweli. Ulamila akawapima nao.

Akeneta akauliza chewa wanakwenda wapi sasa, kwa kuwa maji ya mihogo yamechemka.

"Nyumba ya wazee, kisiwa kikubwa," alisema Bwana Raghwan.

"Mimi ni mzee."

"Nyumba ya wazee, mama."

"Nyumba ninayo."

Bwana Raghwan wa Labasa akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, cha puani, kama mtu aliyesongwa na chai, lakini watu walikishuhudia. Siku ya mia ikaendelea. Makasia yalirudi kwa kuibwa upya, shati halikurudi, na kila mtu alikula samaki wa kopo kwa tui la nazi bila kulalamika sana.

Ijumaa vitambulisho kumi na kimoja viligawiwa. Kizibao alichokuwa amekitamani kilivaliwa na binamu yake, yule aliyemkagua mjomba usingizini, na kilimbana tumboni. Ulamila aliwapikia wote magimbi, akawapigia makofi, akawatania mmoja mmoja jinsi walivyotoka vibaya kwenye picha. Halafu akaenda nyuma ya jiko akalia sana, kilio cha hasira, cha mtu aliyefanya jambo sahihi na hakufurahia hata kidogo. Bwana Raghwan alimkuta huko. Akamwachia rula yake.

Mwezi wa Septemba ulikuwa bado umefungwa. Asubuhi moja Ulamila alikuwa kwenye mwamba maji yamekupwa, anaokota chaza, kilemba kichwani na kikapu mgongoni. Karibu na boya walikaa askari wawili wa samaki ndani ya boti ya kijiji, vizibao vipya, wanacheza karata. Boti ya Namolau ikaja kutoka nje, ikaingia mlangoni, na badala ya kupita ikazima injini. Askari wakaweka karata chini, wakajikohoza, mmoja akaanza: "Tunaomba mkae..."

"Nyie tulieni," alisema Peniasi. "Mtapakwa poda baadaye. Mwizi yuko wapi?"

"Mwizi gani?"

"Mwizi wenu! Yule mwenye kosa kabla yangu!" Akasimama, akaweka mikono mdomoni, akaita kuelekea kwenye mwamba mpaka ndege wakaruka. "Mtani! We mjane mwenye rula! Njoo utukague upesi, tunachelewa maziko!"

Ulamila alimjibu kwa tusi linalomhusu bibi yake Peniasi na mbuzi. Aliweka kikapu. Alikuja akitembea juu ya mwamba, kisha maji yakamfika kiunoni, kisha akaogelea zile hatua za mwisho, akashika ukingo wa boti ya Namolau, maji yanamchuruzika usoni. Kizibao hakuwa nacho. Alikuwa na sulu iliyochanika na kilemba. Askari wawili walimtazama, wakatazamana, na mmoja akasogeza miguu ili apate nafasi ya kupanda, lakini Ulamila alipandia upande wa Peniasi.

"Funua," alisema.

Peniasi akafunua. Ulamila akaingiza mkono kwenye barafu mpaka begani, akapapasa chini kabisa, kona zote nne, na alipomaliza akasema kunjua mikeka, wakakunjua. Alipoinua kichwa aliona boti ya kanisa nyuma yao, na nyuma yake ya mwenye duka. Zote zilikuwa zimezima injini, zinasubiri zamu.